UZI: Kama H5 (mafua ya ndege) inaua kuku hivi, mbona watu wanaougua ni wachache? (Kongo: Goma, Bukavu, Lubumbashi karibuni)

#1 Keshero_Kuku
Jambo wote. Tangu 2003 WHO imehesabu wagonjwa wa H5N1 waliozidi 900 duniani kote, na karibu nusu yao wamekufa. Lakini kuku waliokufa au kuuawa kwa sababu ya kirusi hicho ni mamia ya mamilioni. Hapa Goma tu, hesabu kuku wanaochinjwa kwa siku Virunga, Birere na Kituku, mikono mitupu, maji ya ndoo moja kwa kuku ishirini.
Dai langu: mwili wa mtu haukipokei hiki kirusi, basi. Hao 900 ni ajali. Mwenye maelezo mengine ayalete, lakini alete na vipimo, siyo hofu.

#2 Nguba_Bio
Keshero, hapo umekata mti katikati. Kirusi hushika seli kwa protini yake ya H, na kile anachokishika ni asidi ya sialiki juu ya seli, ndiyo kipokezi chake. Kuna namna mbili za kuungana kwake: alfa 2,3 na alfa 2,6. Kirusi cha ndege kinataka 2,3, ambayo imejaa kwenye utumbo wa bata. Pua na koo la mtu vimejaa 2,6. Mpaka hapo uko sawa.
Lakini mtu ana 2,3 pia: ndani kabisa ya mapafu, na kwenye utando wa jicho. Njo maana wanaougua H5N1 wanaweza kupata nimonia kali bila mafua ya maana puani, na hawaambukizi jirani kwa urahisi, kwa sababu kirusi kiko chini sana hakitoki na chafya.
Kizuizi cha pili ni joto. Utumbo wa ndege una nyuzi 40 hadi 41, pua ya mtu ina kama 33. Kimeng'enya cha kirusi kinachonakili jeni kinazubaa kwenye baridi hiyo. Badiliko moja kwenye PB2, sehemu ya kimeng'enya hicho, nafasi ya 627, kutoka E kwenda K, linakipa nguvu ndani ya seli za mamalia. Badiliko hilo limeonekana mara nyingi kwa wagonjwa.

#3 Docta_Kadutu
Aksanti Nguba. Mimi ningeanza chini zaidi, kwenye dozi. Kipokezi kikiwa kibovu, kirusi bado kinaingia ukikimwaga kwa wingi. Swali ni: wingi huo unapatikana wapi?
Angalia mchinjaji sokoni. Kuku amekatwa shingo, anatupwa chini, anapiga mabawa kwa nusu dakika au zaidi. Damu na ute wa koo vinaruka kama mvua nyembamba mpaka usawa wa uso wa aliyeinama. Kisha anatumbukizwa kwenye maji ya moto, nyuzi 60 hadi 65, dakika moja hivi. Maji hayo yakiwa yametumika toka asubuhi yamepoa, ni supu ya kinyesi. Halafu kunyonyoa: manyoya yaliyolowa yanarusha matone. Halafu matumbo yanatolewa kwa vidole, na jasho la jicho linapanguswa kwa mkono uleule.
Majaribio ya maabara na kuku wenye H5N1 yalionyesha kwamba uchinjaji wa namna hii unajaza hewa virusi vinavyotosha kuwaambukiza wanyama walio karibu. Kumfunika kuku mara tu anapokatwa, ndani ya mfuko au ndoo yenye kifuniko mpaka atulie, kunapunguza sana matone hayo. Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko kila mama wa soko anayo.

#4 Lushi_Katuba
Salamu toka Katuba. Naona mnaeleza kwa nini wagonjwa ni wachache kabla ya kujua kama kweli ni wachache. Kwetu homa kali na kikohozi ni malaria, ikishindikana ni tifoidi, ikishindikana ni nimonia. Nani anapimwa mafua? Anayepimwa mafua, nani anaendelea mpaka H5?
Nchini Urusi, Desemba 2020, wafanyakazi 7 wa shamba la kuku walikutwa na H5N8. Dalili zao zilikuwa ndogo mno. Walipatikana kwa sababu walitafutwa.

#5 Bomba_la_Maabara
#4 amegusa penye kidonda. Ngoja nieleze kipimo kinavyokwenda, maana hata waganga wengine wanachanganya.
PCR (kipimo cha jeni za kirusi) ya kwanza inatafuta jeni M, ambayo aina zote za mafua A wanayo. Ikitoka chanya, unatafuta H1 na H3 za kawaida za watu. Ikiwa A ni chanya yenye nguvu, halafu H1 hakuna na H3 hakuna, usiandike "haijulikani" ukafunga faili. Hapo ndipo H5 na H7, zile za ndege, hutafutwa, siku hiyohiyo. Vile vipimo vya haraka vya kijiti havitofautishi kabisa, na vinakosa wengi.
Sampuli ya mtu: koo na pua, lakini pia jicho kama ni jekundu, na makohozi ya chini kama ana nimonia. Koo pekee linaweza kutoka hasi wakati mapafu yamejaa.
Kwa kuku: kijiti cha koo na kijiti cha tundu la kutolea kinyesi. Kijiti kiwe cha poliesta na mpini wa plastiki, mbao na pamba vinaharibu PCR. Kitie kwenye mililita 1 hadi 2 ya kimiminika cha kusafirishia, kwenye nyuzi 4, kifike ndani ya saa 48. Kikichelewa zaidi, kigandishwe kwenye nyuzi -80. Friza ya nyumbani ya -20 nayo inaua sampuli.

#6 Keshero_Kuku
Sawa, nakubali dozi na nakubali hatutafuti. Lakini Hong Kong 1997 walitafuta vizuri, wakapata watu 6 tu mji mzima wenye masoko ya kuku kila mtaa. Hilo linasaidia dai langu.

#7 Nguba_Bio
Sita ndio waliokufa. Wagonjwa walikuwa 18. Na ilisimama baada ya serikali kuua kuku wote wa mji, zaidi ya milioni 1, mwisho wa Desemba mwaka ule. Chanzo kikikatwa ghafla vile huwezi kusema kirusi kilishindwa chenyewe.
Mfano mzuri zaidi ni H7N9 nchini China kuanzia 2013: wagonjwa 1,568 waliothibitishwa, na kuku wenyewe hawakuonyesha ugonjwa wowote mpaka kirusi kilipobadilika kuwa kikali kwa kuku karibu 2017. Kwa miaka kama minne mtu alikuwa anaanguka nimonia na kuku kizimbani anakula vizuri. Ukisubiri kuku wafe ndipo uogope, H7N9 itakupita mlangoni.

#8 Docta_Kadutu
Na pale dozi inarudi tena. Miji kama Shanghai na Hangzhou ilipofunga masoko ya ndege hai 2013, maambukizo kwa watu yalishuka kwa zaidi ya asilimia 97. Vipokezi vya watu havikubadilika wiki ile. Kilichobadilika ni kugusana.

#9 Idjwi_Mtaalamu
Mnasahau kinga ya zamani. Protini za H ziko katika makundi mawili. H1, H2 na H5 ni kundi la kwanza. H3 na H7 ni la pili. Mtu anabaki na alama ya mafua ya kwanza aliyopata utotoni. Aliyezaliwa kabla ya 1968 alianza na H1 au H2, kwa hiyo H5 haimpati sana, ila H7N9 inamwangusha. Aliyezaliwa baada ya 1968, H3N2 ilipoingia, mara nyingi kinyume chake. Umri wa wagonjwa wa H5N1 na wa H7N9 unafuata mstari huo vizuri mno kuwa bahati.
Ongeza H1N1 ya 2009 iliyozunguka dunia nzima: N1 yake (N ni protini ya pili ya juu ya kirusi) inafanana kiasi na N1 ya H5N1. Huenda sasa hivi nusu ya Birere inatembea na ngao kidogo bila kujua.

#10 Lushi_Katuba
Idjwi, mstari mzuri, ila Misri unauharibu. Misri ilipata wagonjwa zaidi ya 350 kwa jumla, zaidi ya 100 mwaka 2015 peke yake, na watoto na wanawake walikuwa wengi. Watoto hucheza na kuku wa juu ya paa, wanawake ndio wachinjaji wa nyumbani. Hiyo ni kazi ya mikono, siyo mwaka wa kuzaliwa.

#11 Idjwi_Mtaalamu
Watoto waliozaliwa baada ya 1968 ndio hasa ningetarajia waugue H5, kaka. Umenisaidia! Lakini nakubali kwamba wanaume vijana walewale wa Cairo hawakuugua kwa kiwango kimoja na dada zao, na hilo kinga ya utotoni hailielezi.

#12 MamaMayai_Birere
Samahani wataalamu, ninauza mayai. Wateja wanauliza kama yai linaambukiza. Jibu fupi tafadhali, siyo PB2.

#13 Docta_Kadutu
Mama, fupi: kuku mwenye H5N1 anaweza kutaga yai lenye kirusi, ganda na ndani. Moto wa nyuzi 70 katikati ya chakula unakimaliza. Yai lichemke mpaka kiini kigande, nyama ya mfupani isiwe ya waridi. Trei za makaratasi zikichafuka kinyesi zichomwe, usizirudishe kwa mfugaji. Trei za plastiki zioshwe kwa sabuni kwanza, kisha klorini. Na yai la ganda laini au lisilo na ganda likianza kuwa mengi kwa ghafla toka kwa mfugaji mmoja, mpigie simu siku hiyo. Huko kutaga kunashuka kabla vifo havijaonekana.

#14 MamaMayai_Birere
Aksanti sana Docta. Trei za karatasi tutaziacha.

#15 Minova_Mashariki
Nirudi kwetu. Kuna anayesema Kongo haijawahi kuguswa. Si kweli. 2017 H5N1 iliingia toka Uganda, Ziwa Albert.

#16 Bomba_la_Maabara
Ziwa na mwaka viko sawa, aina hapana. Ilikuwa H5N8, ukoo wa 2.3.4.4b (tawi moja la virusi vya H5). Uganda waliona kwanza ndege wa porini wakifa kando ya Ziwa Victoria Januari 2017, kisha Ituri bata na kuku wa vijiji vya pwani ya Albert. Tofauti ya N8 na N1 siyo ya kuandika tu: ukiagiza vitendanishi vya N1 pekee, ile ya Ituri ungeikosa.

#17 Minova_Mashariki
Nimesahihishwa, asante. Basi swali: mbona Albert, siyo Kivu? Nadhani ni umbo la ziwa. Kivu ina kina kinachopita mita 400, kingo zake ni mwinuko, sehemu za maji mafupi yenye matope ni chache. Ndege wa maji wanaotoka kaskazini kati ya Oktoba na Aprili wanatafuta mabwawa mafupi. Wanayapata Albert, wanayapata Ziwa Edward kule kwa pelikani wa Virunga. Kivu wanapita juu.

#18 Keshero_Kuku
Pelikani wenyewe wanabeba. Senegal, hifadhi ya Djoudj, Januari 2021, walikufa mamia kwa H5N1.

#19 Lushi_Katuba
Ndege wa porini wanalaumiwa kila mara kwa sababu hawana wakili. Sisi Lubumbashi hatuna ziwa la maana, lakini vifaranga na kuku wa barafu vinapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kila siku. Afrika Kusini ilipoteza mamilioni ya kuku 2023 kwa H5N1 na H7N6 kwa wakati mmoja. Kirusi kinasafiri kwenye tenga, kwenye buti za raba, kwenye matairi ya lori. Nyinyi Goma angalieni tenga zinazovuka mpaka asubuhi na kurudi tupu bila kuoshwa.

#20 Docta_Kadutu
Wote wawili. Bata ndiye daraja. Bata anaweza kubeba H5 siku nyingi bila dalili, anashinda majini na ndege wa porini, jioni analala na kuku. Kanuni ndogo tu: bata na kuku wasilale banda moja wala kunywa bakuli moja, na kuku mpya toka sokoni akae peke yake siku 14, afadhali 21, na anayemlisha amlishe wa mwisho, baada ya wale wa zamani.

#21 Himbi_Usafi
Mmetaja klorini bila kipimo. Goma tuliijua vizuri wakati wa Ebola, lakini watu wamesahau. Unga wa klorini wa asilimia 70:
mikono, 0.05%: gramu 14 kwa bidoni ya lita 20, kama kijiko kimoja cha supu.
sakafu, tenga, buti, 0.5%: gramu 140 kwa lita 20, kama vijiko kumi.
Iache dakika 10 kabla ya kusuuza. Itengenezwe kila siku, bidoni ikae kivulini.

#22 Bomba_la_Maabara
Himbi, vipimo ni sahihi, ila ongeza onyo kubwa. Klorini inaliwa na uchafu. Ukimimina 0.5% juu ya kinyesi, ndani ya dakika chache unabaki na maji. Kwanza kwangua, kisha sabuni na brashi, suuza, halafu klorini. Sabuni peke yake tayari inaua sehemu kubwa, kwa sababu hiki kirusi kimevaa koti la mafuta.
La pili: banda linalonuka mkojo lina amonia. Amonia na klorini vikikutana vinatoa gesi inayochoma mapafu. Usipulize klorini ndani ya banda lililofungwa lenye kinyesi kibichi. Na lile beseni la kukanyagia mlangoni, likiwa na tope, ni mapambo.

#23 Keshero_Kuku
Sasa mizoga. Vitabu vinasema shimo la mita 2 na chokaa. Kwetu mtaa wa Keshero, Goma, mwamba wa volkano unaanza chini ya kiganja. Majengo, Ndosho, hivyohivyo. Tuchimbe na nini?

#24 Himbi_Usafi
Na kwenye mwamba wenye nyufa hutaki kuzika hata ukipata baruti, maji machafu yanashuka moja kwa moja. Kuchoma kwenye pipa nako kunadanganya: nje makaa, ndani mbichi.
Njia inayofanya kazi ni mboji. Unahitaji maranda ya mbao au maganda ya kahawa, ujazo mara mbili hadi tatu ya mizoga. Tandaza sentimita 30 chini. Panga mizoga safu moja tu, mbali na ukingo sentimita 20 au 25. Lowanisha: ukikamata konzi ya maranda na kuiminya, iwe kama sifongo iliyokamuliwa, isidondoshe. Funika sentimita 15, safu nyingine, na juu kabisa sentimita 30 kavu. Zungushia wavu, mbwa wasifukue. Kipimajoto cha fimbo katikati kinatakiwa kupita 55 ndani ya siku chache. Usigeuze kabla ya siku 14, kugeuza mapema ndiko kunakorusha kirusi kilicho hai. Joto lisipopanda, mara nyingi ni maji mengi au mizoga imerundikwa.

#25 Kadutu_Mlima
Bukavu kwetu tatizo ni kinyume, udongo laini mno, mvua inashusha kilima kizima kwenye chemchemi ya jirani. Mboji nayo ijengewe paa na mfereji wa juu.

#26 Masisi_Jibini
Habari za jioni. Na ng'ombe? Nasikia Marekani.

#27 Nguba_Bio
Ndiyo. Machi 2024, Texas na Kansas, H5N1 ya ukoo wa 2.3.4.4b ilikutwa kwenye viwele. Maziwa yakawa mazito ya njano yenye virusi vingi mno, na mashine za kukamulia zikakihamisha. Wafanyakazi wengi walioambukizwa walipata macho mekundu tu. Kumbukeni #2: jicho lina 2,3. Nchini Uholanzi 2003, H7N7 iliwapata watu 89, wengi wao macho tu, mmoja alikufa naye alikuwa daktari wa mifugo.
Kwa jibini: kupasha nyuzi 63 dakika 30, au 72 sekunde 15, kunamaliza. Jibini la maziwa mabichi ni suala la uchachu. Majaribio yalionyesha pH 5.0 (kipimo cha uchachu, namba ndogo ndiyo chachu zaidi) inakiua, lakini kwenye 5.8 na 6.6 kilidumu siku 60 za kukomaa. Kwa hiyo "limekaa miezi miwili" peke yake si kinga.

#28 Kadutu_Mlima
Macho mekundu kwa mchinjaji: msisahau kideri! Newcastle nayo inamletea mtu jicho jekundu, hata chanjo yake hai ikiruka machoni. Na kuku anayekufa ghafla, kichwa kimevimba, upanga wa zambarau, hata mkongwe hawezi kuapa kwa macho kama ni H5 au kideri. Damu chini ya ngozi ya miguu inaelekeza H5, shingo kupinda inaelekeza kideri, lakini zote mbili zimevunja kanuni.
LaSota na I-2, chanjo za kideri, hazikingi mafua hata kidogo. Mfugaji akisema "nimechanja" muulize, nini?

#29 Idjwi_Mtaalamu
Kabla Keshero hajalala na dai lake: kuna maelezo ya tano. Seli za watu zina protini BTN3A3 inayozuia virusi vingi vya ndege visijinakili, na vichache vinavyotukwepa vimebadilisha protini yao ya NP. Kuna MxA pia, protini nyingine ya kinga: kati ya wagonjwa wa H7N9 walikutwa wenye MxA isiyofanya kazi zaidi ya kawaida. Pengine ndiyo sababu ndugu wa damu waliugua pamoja wakati mke na mume hawakuambukizana.

#30 Docta_Kadutu
Ndugu wa damu pia huuguzana na kula kuku yuleyule, Idjwi. Lakini sikatai.

#31 Keshero_Kuku
Sijalala. Ninahamisha dai langu: mwili unakizuia kirusi mara nyingi, na pale kwenye ndoo ya kunyonyolea ndipo unazidiwa. Sasa Docta, mchinjaji wa Virunga ana homa na jicho jekundu, juzi kuku walikufa kwenye tenga zake. Hatua ya kwanza?

#32 Docta_Kadutu
Barakoa kwake na kwako, chumba chenye madirisha wazi. Malaria ipimwe, lakini malaria chanya isikuzuie. Sampuli za koo, pua, jicho, kwenye barafu, kwa simu kwanza maabara wajue inakuja. Oseltamivir (dawa ya kirusi cha mafua) 75 mg mara mbili kwa siku, siku 5, ianze bila kusubiri jibu. Ndani ya saa 48 ni bora zaidi, ila aliyezidiwa mpe hata kama zimepita. Waliochinja naye wapimwe joto asubuhi na jioni siku 10. Na zile tenga zisitoke sokoni.

#33 MamaMayai_Birere
Docta, dawa hiyo Goma inapatikana duka gani?

#34 Bomba_la_Maabara
Mama, usiinunue dukani ukaweka nyumbani. Iulizwe kwenye zone de santé (ofisi ya afya ya eneo), na bora kila zone iulizwe leo ina vidonge vingapi na vinaisha muda lini.